Kushuka Pangani kutoka Moshi au Arusha: mwongozo kamili wa kusoma bahari na kufuata sheria za ufukweni

Makundi yanayoshuka Pangani kutoka Moshi na Arusha hukwama mahali palepale. Mahema yanaingia maji alfajiri. Boti iliyokwenda kisiwa cha Maziwe inarudi mchana, upepo ukiwa umeshachachamaa na watoto wanatapika. Kikundi kinafika kisiwani na kuambiwa hakijalipia. Chanzo ni kimoja: tarehe ilipangwa kwa kufuata likizo na nafasi ya basi, na vibali vikaachwa vitafutwe hukohuko.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu 6 hadi 15 kinachotaka kulala siku mbili tatu karibu na ufukwe upande wa Ushongo, kusini ya mto Pangani, na kwenda Maziwe kwa boti ya kukodi. Hatua nne za kwanza zinafanyika ukiwa bado Moshi au Arusha. Usiziruke.

## Vitu vya kuwa navyo

- Jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Tanga kwa mwezi wa safari. La Dar es Salaam linafaa kwa kukadiria tu.
- Kalenda yenye tarehe za mwezi wa Kiislamu. Ile ya ukutani inatosha.
- Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) wa siku tano, pamoja na utabiri wa bahari wa kila siku.
- Jaketi okozi moja kwa kila mtu, na za watoto ziwe za watoto kweli. Kama mwenye boti hana za kutosha, kodi kabla ya siku ya safari.
- Filimbi mbili, tochi mbili, na simu mbili za mitandao tofauti ndani ya mifuko isiyopitisha maji.
- Ndoo mbili za lita 20 zenye mfuniko wa kubana, kwa nguo kavu na chakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea iache. Imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.
- Viroba vitupu 8 kwa kila hema, na kamba ya mita 20.
- Mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake. Usitegemee kuni za ufukweni. Sababu iko hatua ya 4.
- Vitambulisho, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa au kijiji chenu yenye orodha ya majina.

Mahema ya kupandia mlima yanakodishwa kirahisi Moshi na yanafaa, ila vigingi vyake vifupi vimetengenezwa kwa udongo mgumu na mchangani vinachomoka. Ndiyo kazi ya viroba.

## Hatua ya 1: Chagua msimu

Pwani ya Tanga inaongozwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Mei hivi hadi Oktoba. Katikati yao upepo hulegea, hicho ndicho kipindi cha matlai.

Kusi ndio mkali zaidi, hasa Juni hadi Agosti, na hapo ndipo shule zinapofungwa. Familia nyingi za Kilimanjaro hushuka Juni zikidhani baridi ya nyumbani imewakimbiza kwenye bahari tulivu. Jua la Pangani mwezi huo ni zuri kweli, lakini bahari ina mawimbi kwa siku nyingi mfululizo. Ukibanwa na likizo ya Juni, panga safari ya ufukweni tu, na boti uihesabu kama bahati.

Februari, Machi ya mwanzoni, na Oktoba hadi Novemba ndiyo miezi ya kuitegemea zaidi. Oktoba na Novemba kuna mvua za vuli na radi. Wingu jeusi likianza kujenga, usiwe majini.

Aprili na Mei ni masika. Vimbunga ni nadra kwetu lakini vinakuja. Kimbunga Hidaya kiligusa Mafia tarehe 4 Mei 2024, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Wenye safari ya Pasaka wafuatilie TMA kila siku katika wiki nzima inayotangulia.

Umefaulu kama: una miezi miwili ya kuchagua, haujajifunga kwenye wikiendi moja.

## Hatua ya 2: Chagua tarehe kwa mwezi

Hapa ndipo safari inapokufa au kupona.

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku chache baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu huwa bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya mita 3 na nusu hivi kati ya juu na chini. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, tofauti ikiwa ndogo.

Jambo ambalo wageni wa bara hawaambiwi ni hili: katika pwani yetu bamvua ina saa zake. Maji hupwa kabisa kama saa 4 au 5 asubuhi, na hujaa kabisa kama saa 10 au 11 jioni, kisha tena saa 10 au 11 alfajiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka, asubuhi saa 4 maji yamejaa.

Maziwe ni fungu la mchanga lisilo na mti hata mmoja. Maji yakijaa linafunikwa. Kwa hiyo siku nzuri ya kwenda ni ya bamvua: mchanga unatokea asubuhi wakati upepo bado mdogo, na wewe unaondoka kabla upepo wa mchana haujaamka.

Fungua kalenda yenye tarehe za Kiislamu. Tafuta tarehe 1 hadi 3 au 15 hadi 17 za mwezi wowote, kisha hakikisha kwenye jedwali la maji. Mstari wa siku nzuri unafanana na huu wa mfano: maji kupwa 10:24, kimo 0.2, maji kujaa 16:35, kimo 3.7. Kwa saa zetu ni saa 4:24 asubuhi na saa 10:35 jioni.

Angalia: baadhi ya programu za simu huonyesha saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiona maji yanapwa "07:24" siku ya mwezi mpevu, shuku hilo kwanza.

Umefaulu kama: maji ya siku ya boti yanapwa kati ya saa 3 na nusu na saa 5 na nusu asubuhi, kwa kimo kisichozidi mita 0.6.

## Hatua ya 3: Soma utabiri wa eneo sahihi

TMA hugawa nchi kwa kanda. Ukiwa Arusha au Moshi umezoea kusoma nyanda za juu kaskazini mashariki, na mara nyingi kundi hubeba utabiri huo hadi baharini. Wewe sasa unasoma *pwani ya kaskazini*: Tanga, Dar es Salaam, Pwani pamoja na Mafia, na visiwa vya Unguja na Pemba.

Tahadhari zina ngazi tatu. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Sentensi utakayokutana nayo sana ni ya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mara nyingi inatolewa kama angalizo, na watu huidharau kwa kuwa ni "njano tu". Kwa boti ya faiba ya mita 7, mita 2 za wimbi ni nyingi mno.

Elewa pia namba ya wimbi. Utabiri ukisema mita 1, hicho ni kimo cha wastani cha theluthi ya mawimbi makubwa. Wimbi mojamoja linaweza kukaribia mara mbili yake, na hilo ndilo linalomwaga maji ndani ya boti.

Upepo ukiandikwa kwa mita kwa sekunde, zidisha kwa 3.6. Ukiandikwa kwa noti (knots), kipimo cha mwendo cha mabaharia, zidisha kwa 1.85. Noti 14 ni kama kilomita 26 kwa saa.

Vipimo tunavyoshauri kwa boti ndogo yenye abiria wasiozoea bahari ni vikali kuliko vya TMA:

- Upepo chini ya kilomita 25, wimbi chini ya mita 1, hakuna onyo lolote: nendeni.
- Upepo 25 hadi 35, au wimbi mita 1 hadi 1.5: watoto na wasiojua kuogelea wabaki, na nahodha akubali mwenyewe bila kushawishiwa.
- Zaidi ya hapo, au onyo la rangi yoyote kwa pwani ya kaskazini: hakuna safari.

Soma siku tano kabla, siku mbili kabla, jioni ya kuamkia safari, na asubuhi yenyewe. Utabiri wa siku tano unakusaidia kuamua kama ukate tiketi. Wa asubuhi ndio unaoamua kama unapanda boti.

## Hatua ya 4: Jua unakanyaga ardhi ya nani

Ufukwe unaonekana mmoja, mchanga mweupe mwanzo hadi mwisho, lakini sheria zake ni tofauti kila baada ya mwendo mfupi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Hilo halimaanishi kwamba kila mahali ni pa kila mtu kulala.

Ardhi ya kijiji. Sehemu kubwa ya pwani hiyo iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ikisimamiwa na halmashauri ya kijiji. Mpigie mtendaji wa kijiji kabla ya kuondoka, umweleze idadi yenu, tarehe na mahali. Ukifika mwone, toa barua ya utambulisho, salimia wazee waliopo, ndipo uonyeshwe eneo. Mkilipa mchango wowote, dai risiti.

Mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kuharibu ufukwe, ndani ya mita 60. Hema la siku mbili si jengo, ila kuchimba choo, kukata majani kusafisha kiwanja au kumwaga zege la jiko hapo ni kuitafuta kesi. Choo kiwe nyuma ya mstari huo, mbali na kisima chochote.

Mikoko. Misitu ya mikoko ni hifadhi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Kukata hata fito za kutundikia turubai kunahitaji kibali. Ndiyo maana umebeba gesi.

Eneo tengefu la Maziwe. Linasimamiwa na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu kwa Sheria Na. 29 ya 1994. Kuna kiingilio, na bei ya raia si sawa na ya mgeni, kwa hiyo vitambulisho viwe mkononi. Malipo ni kwa kumbukumbu namba ya serikali, ile ambayo mtaani inaitwa kontroo namba. Iombe ukiwa bado una mtandao mzuri, lipa, na piga picha risiti. Anayetaka pesa taslimu mkononi bila risiti hajakulipia chochote. Hairuhusiwi kuvua, kuokota kombe au matumbawe, wala kutia nanga juu ya matumbawe.

Kaskazini ya mlango wa mto unaingia kwenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, inayopanda hadi kupita jiji la Tanga. Nayo ina taratibu zake za kiingilio.

Kusini ukipita Mkwaja unaingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Pale kuna tembo na simba hadi mchangani. Usitembee kwa miguu kufuata ufukwe ukidhani ni kijiji kinachofuata. Kuingia ni kwa kibali cha TANAPA, kulala ni kwenye kambi zilizotengwa tu. Walio Arusha wana makao makuu ya TANAPA palepale mjini, wakaulize kabla.

Neno moja kwa wanaoshuka kuangalia viwanja. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inahesabu ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, pamoja na mikoko, kuwa inayoweza kutangazwa ardhi hatarishi. Dalali atakupimia kiwanja maji yakiwa yamepwa. Njoo siku ya bamvua jioni, weka kigingi pale maji yalipofika, ndipo upime mita 60 kwenda nchi kavu. Kisha nenda halmashauri ya kijiji. Karatasi ya muuzaji peke yake haikupi haki ya ardhi ya kijiji.

## Hatua ya 5: Piga kambi juu ya mstari wa bamvua

Kundi linafika saa 5 asubuhi siku ya mwezi mpevu. Ufukwe ni mpana kama uwanja wa mpira, mchanga umekauka juu, kila mtu anataka hema lake karibu na maji. Saa 10 jioni maji yanasogea lakini yanaishia mita chache chini ya mahema, watu wanacheka na kulala. Maji ya alfajiri yanakuja juu zaidi kidogo, yakisukumwa na upepo, na ndiyo yanayoingia ndani.

Tembea kutoka majini kwenda nchi kavu ukitazama chini. Utaona mistari ya majani ya bahari, vijiti na vifuu vya nazi iliyoachwa na maji. Iko zaidi ya mmoja. Ule wa juu kabisa, wenye majani makavu yanayovunjika ukiyafinya, ndio mstari wa bamvua. Panda kutoka hapo hadi mimea itambaayo inapoanza kushika mchanga, na uwe juu ya mstari huo kwa kimo cha mita moja hivi.

Usilale chini ya mnazi. Nazi ikianguka kutoka mita 15 haina huruma. Mivinje nayo hudondosha matawi upepo ukiwa mkali.

Jaza kila kiroba mchanga nusu, funga kamba ya hema katikati yake, fukia kina cha mkono hadi kiwiko, kisha kanyaga. Mlango uelekee upande usio na upepo: wakati wa kusi geuzia nchi kavu.

Kasa hutaga kwenye fukwe hizi. Ukiona alama zimewekwa kuzunguka sehemu ya mchanga, kaa mbali. Taa zinazoelekea baharini zizimwe usiku, maana zinamrudisha kasa anayepanda na kuwapoteza watoto wake wanaotafuta maji. Kuchukua mayai au kumsumbua ni kosa kisheria.

Umefaulu kama: alfajiri ya kwanza unatoka na tochi saa 10 na nusu, na ukingo wa maji uko chini ya mstari ulioutambua jana.

## Hatua ya 6: Kagua boti na nahodha jioni ya kuamkia safari

Nenda dikoni, pale boti za uvuvi zinapofikia, na umuulize kiongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, nahodha gani wanabeba wageni na vyombo vyao vina cheti cha ukaguzi wa usalama. Usikodi kwa kijana aliyekufuata kituo cha basi.

Kagua kwa mkono wako:

1. Idadi. Uliza chombo kimekaguliwa kwa abiria wangapi, na usizidishe hata mtoto wa kupakata.
2. Jaketi. Kila mtu aivae palepale. Funga mikanda yote, kisha mwenzako aivute juu kwa mabega. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa. Majini itamvuka.
3. Mafuta. Theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya akiba. Dumu la akiba uliinue mwenyewe uone uzito.
4. Injini. Iwashwe mbele yako. Kuwe na plagi ya akiba na spana yake.
5. Nanga, kamba, kasia mbili, na upo, yaani kopo la kuchotea maji yanayoingia botini. Injini ikizima, nanga ndiyo inayowazuia msipelekwe na mkondo. Kamba iwe angalau mara tano ya kina.

Nahodha akisema kesho haifai, mshukuru. Usimwongezee pesa. Anayekubali baada ya kuongezewa ndiye wa kuogopa.

## Hatua ya 7: Siku ya bahari, saa kwa saa

Kwa mfano wetu wa maji kupwa saa 4:24 asubuhi:

Saa 12:30. Soma utabiri wa TMA. Tazama upeo wa macho. Mawimbi ya mbali yakiwa tayari yana povu jeupe vichwani asubuhi hii, upepo umeshapita kilomita 20, na mchana utazidi.

Saa 2:00. Ondokeni. Ukichelewa, maji ya bamvua yataiacha boti imelala mchangani na kuisukuma ni kazi ya watu kumi. Upepo wa umande unaotoka nchi kavu bado unawasindikiza. Maziwe iko kilomita 8 hivi. Ni nusu saa hadi dakika 45.

Saa 2:45 hadi 6:00. Ogeleeni upande nahodha anaosema. Pengo la miamba ndipo mkondo unapotoka kwa nguvu. Ukivutwa usishindane nao, ogelea kwa kukata ubavu hadi uuache. Vaa viatu ukikanyaga miamba.

Saa 6:00. Pandeni boti, hata kama mchanga bado ni mpana. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kwa tofauti ya mita 3.5, saa ya kwanza baada ya kupwa yanapanda sentimita 30, ya pili 60, ya tatu karibu 90. Anayesubiri hadi saa 7 anaona fungu likiyeyuka miguuni huku mizigo haijafungwa.

Saa 7:00. Mko ufukweni. Upepo wa mchana ndio kwanza unaanza.

Kama boti inapitia mlango wa mto Pangani badala ya kushuka Ushongo, muulize nahodha hali ya mlango. Maji yakipwa, mto unasukuma kwenda nje, na upepo wa baharini unasukuma mawimbi kuingia. Yakikutana juu ya fungu la mchanga wimbi linasimama wima na kuvunjika. Mlango upitwe maji yakiwa yanajaa.

## Hatua ya 8: Acha mtu nchi kavu mwenye karatasi

Mmoja wenu abaki ufukweni na simu yenye chaji. Karatasi yake iwe na majina ya waliomo, jina au namba ya boti, rangi yake, namba ya nahodha, saa ya kurudi, na namba za kiongozi wa BMU na mtendaji wa kijiji.

Saa ya kurudi ikipita kwa dakika 30, anapiga simu ya nahodha na zile mbili za abiria. Ikipita saa moja bila jibu, anampigia kiongozi wa BMU atume boti, kisha 112 kwa polisi. Atoe mahali, idadi ya watu, rangi ya boti na saa waliyoonekana mara ya mwisho. Asingoje jioni: giza Pangani linaingia kama saa moja usiku, na bamvua ya saa 10 inakuwa imeshalifunika fungu zima.

Walio botini, injini ikizima, wanatia nanga, wanavaa jaketi zote, wanakaa chini katikati ya chombo na kupuliza filimbi mara tatu kila dakika. Hakuna anayeogelea kwenda nchi kavu, hata ikionekana karibu.